Stima Iliyovuka Uwanja Bila Waya

Mama Akiru, uliyelala chini ya mawe kule Kaaleng, ejok? Najua hutajibu. Hata ulipokuwa hai, salamu zangu ulizijibu ukipenda.

Nakuandikia kabla shemeji yako Lokwang hajaiharibu habari hii kwa mdomo wake. Unakumbuka alipoleta wazee wa ukoo mwingine kumposa binti yetu, naye bado yuko darasa la nane? Ulisimama mlangoni na mwiko, ukawaambia, "Huyu mtoto hajamaliza kusoma." Mimi nilikuwa nyuma ya punda, nimeziba mdomo nisicheke.

Sasa Akiru ni fundi wa dispensari moja ya Kakuma. Paneli za sola ziko upande huu wa uwanja, wodi ya kujifungulia iko ule. Waya ukifukiwa, mafuriko huufukua, na mbuzi humaliza kilichobaki. Mbuzi wetu unawajua, wangekula hata mahubiri. Basi wakunga wakawa wanazalisha kwa tochi ya simu.

Akiru akakunja nyaya za shaba mviringo, akafunga kila mmoja ndani ya sahani ya plastiki, akazipanga sahani kutoka kwenye betri mpaka wodini. Hazigusani. Nikamwuliza, stima imekuwa panzi? Akasema ni kama edonga, ngoma yetu ya kuruka: zote zimefundishwa mdundo mmoja, ya kwanza ikiruka jirani yake hawezi kutulia, hivyo hivyo mpaka ya mwisho. Hapo nikaelewa. Edonga ndiko nilikokupata, ukiruka kuwashinda wote.

Jioni ya kuonyesha, wakubwa walitoka Lodwar. Daktari akasema wazi kwamba isipowaka leo, sahani zinaenda stoo. Lokwang akaja na kigoda chake, akakaa mbele kama bwana harusi. Mimi nilibeba alagama yako, ile pete ya chuma uliyovaa shingoni tangu nikuoe. Nilitaka nawe uone, kwa hiyo nikakuweka juu ya sahani ya katikati.

Akiru akawasha. Wodini giza. Lokwang akakohoa kile kikohozi chake. Binti yako akainama sahani kwa sahani mpaka akakufikia, kisha akanigeukia.

"Baba, nani ameweka mama hapa?"

Kumbe duara la chuma hunywa mdundo wote, halimwachii jirani hata tone. Nikamwambia hata kaburi halijakufundisha kugawana. Akacheka, akakuinua.

Taa ikawaka. Mama mmoja wa Sudan Kusini, uchungu umemshika, akapiga kigelegele pale kitandani, na mkunga akamwomba abakize pumzi ya kusukuma. Mtoto akatoka, akakuta watu wanamwona. Wakubwa wakasema sahani zibaki, na nyingine zitengenezwe za dispensari ya Longech. Lokwang alipiga makofi kuliko wote, mnafiki yule, na mimi nikamsaidia kupiga.

Asubuhi jua lilipotoka Akiru akataka kuizima taa. Mkunga akamshika mkono.

"Iache kwanza, dada. Hatujashiba kuitazama."

Lala, mama. Huku tunaona.

Mimi, mume wako bado,
Baba Akiru