Klachi ya Inchi Gani

Alhamisi. Joto limebana, upepo hakuna, na nguo za wateja zimelala juu ya cherehani tangu asubuhi. Leo hata uzi sijautunga sindanoni.

Klachi imefika.

Safari hii ni yenyewe. Nilijifungia chumbani nikaifungua: pleti, presha pleti na beringi yake, vyote vimepakwa grisi. Nikaiweka ile pleti juu ya pateni niliyoikata mwenyewe kwa karatasi ya kaki, na ukingo ukakaa juu ya mstari, haukuzidi wala haukupungua. Nikahesabu meno ya katikati, yanayoshika shafti ya giaboksi. Yamelingana. Mwingine angepiga kigelegele. Mimi nilikaa kitandani, nikaogopa.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: gari lenyewe ni jekundu, la Kiitaliano, la milango miwili, na enzi zake lilikuwa la mashindano. Baba alimwendesha mzee mmoja wa Kiitaliano hapa Malindi kwa miaka mingi, na mzee huyo aliporudi kwao alimwachia gari na funguo. Klachi iliungua, na tangu hapo gari limelala uani kwetu chini ya turubai. Kuku wanataga chini yake.

Baba anataka jambo moja tu. Anataka kwenda nalo Mnarani, ng'ambo ya daraja la Kilifi, kwa dada yake mkubwa, aliyemlea, ambaye siku hizi anatoka kitandani kwa kushikwa mkono. Zamani alimwahidi kumpeleka matembezi kwa gari hilo. Basi hataki, teksi hataki. Anasema ahadi ni deni, na hajui nani kati yao atatangulia.

Na mimi ndiye niliyemwokota sakafuni.

Mara ya kwanza alizimia akitia udhu. Mara ya pili alikuwa barazani, kikombe cha kahawa mkononi, katikati ya kicheko. Daktari alitwambia sote wawili kwamba hali hiyo humjia mtu bila hodi, na usukani asiuguse tena. Baba aliitikia kwa adabu zote. Tulipotoka nje akaniuliza kama nimeshampata mwenye spea.

Tangu siku ile, nikifumba macho naliona daraja la Kilifi, maji chini kabisa, na lile gari jekundu katikati ya malori. Naogopa. Sina neno jingine la kulipamba.

Sasa niandike lile ambalo sijamwambia mtu.

Maduka yote ya Malindi yalinicheka, wakasema klachi ya gari lile nikaitafute makumbusho. Mwisho nikaelekezwa kwa muuza spea mmoja wa Mombasa, mtu wa bara, nikampigia simu. Akaniuliza, "Mama, hiyo klachi ni ya inchi gani?" Nikacheka moyoni. Watu wa bara wengi huiita nchi "inchi", na sisi wa pwani, Mungu atusamehe, hatuchoki kuwasahihisha kimoyomoyo. Nikamjibu kwa Kiswahili changu kilichonyooka kwamba ni ya Italia. Akarudia, "Italia," kisha akasema sawa.

Yeye alikuwa akiuliza kipimo.

Akatuma klachi ya Italia kweli, pana kama sinia la pilau, ya lori sijui la wapi. Fundi Kazungu, anayetutengenezea gari, alicheka mpaka akaketi juu ya tairi. Habari zikaenea, hata wateja wangu wakawa wakija kupimwa wananiuliza kiuno chao ni cha inchi gani, Italia au Uchina. Nikacheka nao.

Lakini mimi ni fundi cherehani. Futi iko shingoni mwangu kutwa kucha. Kifua inchi ngapi, bega inchi ngapi, neno hilo nalitaja kuliko jina langu. Je, nilikosea kweli?

Sijui. Ninachojua ni kwamba siku lilipofika lile sinia, nililala usingizi wa raha.

Baba hakucheka wala hakukasirika. Alikuja na ile pleti kuukuu ya gari, ameiosha kwa dizeli ikang'aa, akaiweka juu ya meza yangu ya kukatia. "Pima," akasema. Nikapima, nikachora, nikahesabu meno, naye akahesabu pamoja nami kwa sauti ya chini. Kuna mafundi wanaoiba vitambaa vya watu inchi mojamoja. Mimi nilitamani kuongeza inchi moja tu kwenye ile karatasi, nipate nafasi ya kupumua. Macho yake yalikuwa kwenye mkasi wangu. Nikakata sawasawa na mstari, na pateni ikaenda Mombasa kwa basi. Leo imerudi pamoja na klachi.

Nikaificha klachi hiyo chini ya vitambaa vya wateja. Ujinga mtupu. Karani wa basi husali msikiti mmoja na Baba.

Baada ya alasiri Baba akaingia, akaketi kiti cha wateja, hata asiulize mzigo uko wapi. Akasema anajua kuwa naogopa. Basi yakanitoka. Nikamwambia sitaki kumfuata Kilifi kwenda kuchukua maiti, na kwamba kama kuwa mtoto mwema ni kumtafutia baba yako kifo kwa vipimo kamili, mimi basi.

Alizisogeza kando nguo za wateja zilizokuwa juu ya cherehani. Kisha akanikumbusha kwamba gari lile lina usukani wa kushoto. Miaka yote ile, kwenye barabara hizi zetu, dereva hakuweza kuona mbele ya lori. Aliyekuwa akiona ni mzee wa Kiitaliano, aliyeketi kulia na kumwambia apite au asipite. Baba akatia mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa funguo, akaziweka juu ya cherehani.

"Usukani ushike weye. Miye n'takaa kulia, nikwambie bado, nikwambie pita."

Nilidhani hofu itanitoka. Imehamia kiti kingine tu. Leseni ninayo, lakini safari yangu ndefu kuliko zote ni ya Sabaki, hapo jirani tu, na kurudi, kwa gari la shemeji. Na huyo atakayekuwa macho yangu ndiye yule anayeweza kuzimia katikati ya kicheko.

Kazungu anakuja asubuhi kufunga klachi. Shangazi keshapata habari, na ametuma salamu kwamba haendi matembezi na magauni yake ya ugonjwa. Nimemtumia binti yake ujumbe anipimie bega na urefu, kwa inchi, nikarudia mara mbili. Nitashona, maana nikikaa bure nitakimbia.

Jambo moja nimelipitisha na moyo wangu, na Baba sitamwambia. Akisema pita, nitapita. Akisema bado, nitangoja. Na siku kiti cha kulia kikiwa kimya, nitakanyaga klachi, nisimame kando ya barabara. Kimya chake nitakihesabu kuwa ni bado.