Balbu Kulia na Kushoto

Majengo, Jumatano, Agosti 1994

Eti nimempaka bibi harusi majivu! Maneno ya shangazi yake hayo, Jumamosi, nje ya kanisa, watu wote wanasikia. Na kweli, juani uso wa binti ulikuwa mweupe, shingo nyeusi.

Kosa ni ile balbu moja juu ya kioo changu cha saluni. Inatia kivuli mashavuni, nami nazidisha poda.

Leo fundi redio amenifungia balbu za tochi kulia na kushoto mwa kioo. Alicheka, "Dada, hii saluni au disko?" Nikamwambia afunge tu.

Naogopa wateja watanikimbia. Lakini nimejitazama kwa mwanga huu mpya: kumbe hata mimi nashinda na majivu usoni. Na shangazi mtu je? Jumamosi ile naye nilimpaka mimi.

Kesho namwita. Nitampaka vilevile kwa ile balbu ya juu, halafu niwashe hizi za pembeni, ajione.