Ubani wa Alhamisi

Dada Zuhura,

Nimechoka. Ningeanza kukuuliza hali, lakini yako anaijua Mungu, na ya kwetu ndiyo hiyo inayonichosha.

Wewe na vijana wenzako mlikuwa mkizunguka nyumba za Ilala hii, Jumamosi mnakaa uani kwa watu mnawaambia mkaa uwashwe nje, tena si kwa mfuko wa plastiki, maji yanyunyizwe kabla ya kufagia, madirisha yaachwe wazi. Watu walikuwa wanacheka na wanasikia. Halafu bodaboda ikakugonga pale Msimbazi, kazi yote ikaniangukia mimi, uliyekuwa ukiniita "bubu wangu". Tangu lini bubu akarithi mdomo?

Nilijaribu, usidhani sikujaribu. Nilisimama uani mbele ya wapangaji wote. Shuleni haya mambo nayasoma kwa Kiingereza na mtihani nafaulu, ila nikitaka kuyageuza kwa Kiswahili mbele ya watu yanatoka kama ya kitabuni. Wewe ungesema tu, "Nyumba nayo ina pua, mmeiziba," ikaisha. Mimi nikaanza, "Hewa ni mchanganyiko wa..." Mama Kidawa wa chumba cha mwisho, huku anasuka, akadakia, "Mwanangu, huo mchanganyiko utie na sukari, tunywe." Uani mzima ukaangua kicheko. Nikaingia ndani nikajifunika shuka gubigubi.

Cha ajabu, Mama Kidawa huyohuyo siku hizi jiko lake analiwashia nje, na mifuko kaacha. Watu baki wanasikia. Tatizo ni mama yako.

Tangu arobaini yako ipite, kila Alhamisi magharibi ikiingia, mama anatia makaa kwenye chetezo, anamwaga ubani, tena si punje mbili, konzi nzima, halafu anafunga mlango wa chumba chetu ili harufu isitoke. Dirisha unalijua, limezibwa na marobota ya mapazia anayouza Kariakoo. Na Swedi, mdogo wetu, analala humohumo na pumu yake, kifua kinapiga filimbi.

Nikisema, "Mama, moshi," ananijibu, "Ubani si moshi. Moshi ni wa mkaa na wa malori ya bandarini. Hii ni harufu nzuri, malaika wanaipenda." Siku nyingine akanikata kabisa: "Na Zuhura hakuuawa na moshi. Kauawa na bodaboda."

Sasa hapo utajibu nini? Hebu niambie wewe mwenye maneno. Umefundisha mtaa mzima, dada, ukamruka mama yako mwenyewe. Hukumwambia kwamba hata kinachonukia kinaweza kumnyima mtoto pumzi. Au na wewe ulikuwa unamwogopa?

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Mimi pia naupenda huo ubani. Ukiwaka, chumba kinanukia kanga zako za Idi. Nikifumba macho nakuona unapekua droo, hereni moja imepotea, unamlaumu Swedi. Sitaki kuyafumbua.

Alhamisi iliyopita Swedi alishindwa hata kumaliza kuniita jina. Nilimbeba hadi uani, nikampa ile dawa yake ya kuvuta, alipoanza kutulia nikarudi ndani nikakishika chetezo kwa kanga na kukitoa. Mama akanifuata nyuma.

"Unamtoa dadako nje kama takataka?"

Wapangaji wote walitoa vichwa milangoni. Na mimi, dada, mimi huyuhuyu, nikapiga kelele: "Dada hayumo humo ndani, mama! Aliyemo ni Swedi!"

Mama akakaa palepale kwenye kizingiti, akalia kama siku ile ulipoletwa. Nilibaki nimeshika chetezo kama mjinga, vidole vinaungua, sijui nikiweke wapi.

Tangu siku hiyo hajanisemesha zaidi ya "chakula kipo". Nikakukasirikia na wewe, bora nikwambie ukweli. Yale maneno ungeyasema wewe kwa mzaha, mama angekurushia ndala, mngecheka, yangeisha. Mimi yamenitoka kama jiwe.

Leo tena Alhamisi. Magharibi ilipoingia nilikuwa uani naosha vyombo, nikasikia marobota yanaburutwa. Dirisha la chumba chetu likafunguka, likatoa vumbi la tangu sijui lini. Kisha mama akatoka na mkeka na chetezo, akaketi. Akatia punje chache tu. Hakunitazama. Akauliza, kama anayeuliza ukuta, "Upepo unaelekea wapi?"

Nikanyoosha kidole.

Akainuka, akauhamisha mkeka upande wa pili, mbali na milango ya watu, akafungua mikono kukuombea. Swedi yuko ndani, amelala, kifua hakipigi filimbi.

Kwa hiyo dada, kama huo ubani unakufikia, ujue sasa unatoka uani na umekuwa mwembamba. Usituone tumekupunguzia.

Mungu akupanulie hapo ulipo. Jumamosi nitaingia nyumba ya jirani. Nitatetemeka, watanicheka, lakini nitasema. Kwa sasa naacha kalamu nikakae na mama mkekani, hata kama hanisemeshi.

Bubu wako