Mitende Iliyomkatalia Kaka Lotfi

Tozeur, Tunisia
14 Novemba 2019

Mpendwa Shangazi Mongia,

Assalaam aleikum. Goti linaendeleaje na baridi ya huko Lyon? Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Mama amepona kikohozi, ila ulimi wake haujapata mapumziko.

Najua alikupigia simu akakwambia nimemvunjia heshima kaka Lotfi. Hebu sikiliza na upande wangu.

Nadharia yake unaijua: mitende michanga ikizoeshwa maji ya chumvi kidogo kidogo, itastawi. Imempa sifa hadi Tunis, nami ndiye mtafiti mwenzake. Basi mwaka huu mashamba yetu matatu ya majaribio yakakauka, makuti yakawa rangi ya majivu. Nikamwambia tuyaandike kwenye ripoti. Akakataa, eti walioyatunza walikuwa wazembe.

"Hata lile nililolimwagilia mwenyewe?"

"Basi mzembe ni wewe!"

Nimechoka, Shangazi! Mti ukistawi, ni nadharia yake. Ukifa, ni uzembe wa mtu. Na wakulima wa Nefta walishaanza kuchimba visima vya maji hayohayo ya chumvi kwa kumwamini yeye. Nikagoma kutia sahihi kwenye ripoti. Mama akalia kwamba namvua nguo kaka yangu mbele za watu. Nguo! Watu wanakaribia kupoteza mitende yao, yeye analilia nguo.

Ijumaa wakulima walikusanyika Nefta. Nikasimama, nikawaambia wasimwagilie maji yale, kwani mashamba matatu yamekufa. Lotfi alikuwa mbele kabisa, uso umemwiva. Akainuka. Nikajua leo natukanwa.

"Beya amekosea," akasema. "Si matatu. Ni matano. Mengine mawili nilimficha hata yeye. Fukieni visima."

Walimzomea. Mzee mmoja alimwita mwongo mara kwa mara, naye akasimama tu, akayapokea yote. Mimi sikujua nimkumbatie au nimrushie kiatu. Mawili! Na mimi nilikuwa nakosa usingizi kwa matatu!

Bado hatusemezani vizuri. Lakini jana alinipitia, tukaenda kuing'oa mitende iliyokufa. Tulifanya kazi hadi magharibi bila neno, isipokuwa yeye kunikosoa ninavyoshika jembe.

Msalimie Mjomba Habib na binamu Olfa. Mungu akupe afya, na akupe subira ya kumsikiliza Mama akipiga tena.

Mwanao akupendaye hata akiwa na hasira,
Beya