Soketi ya Kushoto

Tarehe 4 Machi

Kaka mpendwa,

Hujambo huko uliko? Kile kifua kimepona? Sisi tu wazima. Mpwa wako ameota meno mawili, sasa ananing'ata bila huruma.

Kaka, kibarua changu kinataka kuota nyasi. Unavijua vile visanduku vya kuchunga friji za chanjo, ambavyo programu yake uliiandika wewe. Kazi yangu ni kubandika majina ambayo mashine huziita soketi zake za waya: soketi ya kushoto eth0, ya friji; ya kulia eth1, ya intaneti. Kisha nafunga kifuniko. Sasa vimerudi saba kutoka zahanati. Friji zilipata joto, visanduku havikutuma onyo. Msimamizi anasema nimebandika kinyumenyume. Vikirudi tena au nisipojieleza, mwisho wa mwezi naondoka. Nilibandika sawa, naapa. Je, majina hayo yanaweza kuhama?

Mdogo wako


Tarehe 14 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika, kifua kimepona. Majina kuhama! Wanaohama ni wapangaji. Eth0 ni eth0. Programu yangu imepita mikononi mwa wahandisi wenye shahada, sio wabandika karatasi. Wewe hesabu za sehemu zilikutoa jasho, leo unanifundisha kompyuta? Kushoto ni mkono usioshikia kalamu. Ufunge utepe mwekundu usisahau tena. Mbusu mtoto.

Kaka yako


Tarehe 23 Machi

Kaka,

Shikamoo. Utepe nimeufunga kwenye nywele za mwanangu, kapendeza kweli.

Wenzangu walipokwenda kula, nilibaki na kisanduku kimoja. Nikakizima na kukiwasha mara thelathini, waya zikiwa palepale. Mara ishirini na mbili, kwenye skrini, soketi ya kushoto iliitwa eth0. Mara nane ikaitwa eth1. Nilipomwonyesha fundi wa stoo, alicheka mpaka akakohoa. "Dada, hiyo mashine inagawa majina kama foleni ya bombani. Soketi iliyoamka kwanza ndiyo ya kwanza. Nani aliiambia kushoto ni wapi?"

Hao wenye shahada waliwasha mara ngapi? Moja, wakapiga makofi?

Nakuomba umwandikie msimamizi mistari miwili tu: kosa si la mikono yangu. Zimebaki siku nane.

Mdogo wako


Tarehe 28 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Umebahatisha. Simwandikii mtu, nina heshima ya kulinda. Nimeongeza mstari mmoja: kila soketi itaitwa kwa kufuata namba ya kadi yake ya mtandao, ile ndefu ya kiwandani, ambayo haibadiliki. Msimamizi ameshatumiwa toleo jipya. Wewe usiguse.

Kaka yako


Tarehe 1 Aprili

Kaka,

Natumaini una nguvu, maana utazihitaji. Nimegusa.

Bodi zilizomo ndani ya visanduku ni za bei chee, hazina namba ya kudumu. Kila zikiwashwa zinajitungia mpya. Nimewasha mara tano, nikaandika namba tano. Ulimpa mtu jina kwa nguo anayobadili kila asubuhi.

Msimamizi alikuwa nyuma yangu jana, barua ya kunifukuza mkononi. Akasema, "Hebu washa tena." Kisha akawasha mwenyewe, mara tatu.

"Huyu kaka yako kasoma wapi?"

"Mbali," nikamjibu.

Nikamwuliza fundi wa stoo, kwani mahali soketi ilipochomelewa kwenye bodi panahama? Akanitazama, akaacha kucheka. Alikaa kwenye kompyuta, soketi zikapewa majina kwa mahali zilipo, basi. Tumewasha mara mia. Kushoto imebaki kushoto. Msimamizi akaichana barua na vipande akavitia mfukoni, aibu imemvaa kama suruali ya kuazima.

Ameagiza kuwa kuanzia leo programu yako yoyote inapita mezani kwangu kwanza. Bila sahihi yangu haiendi zahanati hata moja.

Mpwa wako anakusalimu, ameanza kusimama kwa kushika kiti. Ukimaliza toleo linalofuata, lilete. Ila kabla ya kulileta, uliwashe zaidi ya mara moja.

Mdogo wako