Kibandiko Chekundu Chini ya Kikombe

Silanga, Kibera
Jumatatu asubuhi

Kwa mzee mwenzangu na ndugu yangu katika imani, Shivachi,

Mungu aliye hai, aliyetutunza tangu ujana wetu hadi mvi hizi, na atukuzwe kabla sijaandika neno jingine. Nakusalimu kwa heshima na upendo, wewe na mama Nanyama na wote wanaokula mezani pako. Goti lako la kushoto laendeleaje tangu urudi nyumbani? Na mahindi, je, yamepata mvua ya kutosha? Sisi huku tu wazima. Paa la kanisa tulilolipigilia misumari mimi nawe bado halivuji, isipokuwa pale ulipopigilia wewe.

Nina habari ya furaha, na ndani yake imo habari nyingine ambayo nakuomba uisome ukiwa umeketi.

Unamkumbuka mjukuu wangu Akoth, yule aliyekuwa akisinzia begani mwako wakati wa mahubiri. Sasa ni mwanamke mzima, na anaandaa kahawa katika mkahawa mmoja wa Riruta. Najua utakunja uso, kwa kuwa mimi nawe tuliahidi siku ya ubatizo kwamba kahawa haitapita midomoni mwetu. Nami nilikunja uso, kisha nikala mkate wake miaka mitano bila kuukunjua.

Mwaka huu aliingia mashindano ya kuonja kahawa. Nilimuuliza watu wazima wanashindania nini katika kikombe, naye akanieleza kwa subira. Mshindani huwekewa makundi manane ya vikombe vitatu vitatu. Katika kila kundi, vikombe viwili vina kahawa ya aina moja na cha tatu kina nyingine, na kwa macho vyote vinafanana. Kwa dakika nane anafyonza kwa kijiko, kwa sauti ambayo mama zetu wangetuchapia, anatema, kisha anasogeza kando kile anachoamini ndicho cha pekee. Mwishoni vikombe vinainuliwa mbele ya watu wote. Chini ya kile cha pekee pamebandikwa kibandiko chekundu. Hakuna kubishana. Wakilingana kwa usahihi, aliyemaliza mapema ndiye hushinda.

Niliona ni mchezo tu, hadi aliponiuliza kuhusu jirani yako Shiundu mwenye mibuni. Akasema gunia la Shiundu hupangiwa daraja na bei na mtu aliyeshika kijiko, na mtu huyo akikisia, Shiundu ameibiwa na hatajua kamwe. Mashindano, alisema, ni mahali ambapo ulimi hupimwa hadharani ili uaminiwe faraghani. Tangu siku ile nilikubali kumsaidia.

Kazi yangu ilikuwa kumimina kahawa kutoka thamosi mbili, kubandika kibandiko, na kunyamaza. Kahawa hiyo alipewa na mwalimu wake, anayeikaanga mwenyewe kibandani pake Kawangware. Mwalimu huyo ni Morris. Naam, Morris wetu wa kwaya, tuliyemfungia huduma miezi sita, naye asirudi tena. Miaka kumi na minane imepita. Alijua Akoth ni mjukuu wa nani tangu siku ya kwanza, na hakumtoza mazoezi wala kumwambia neno baya juu yangu.

Sasa nisikilize. Jumapili moja alasiri, siku nne kabla ya mashindano, nilikuwa nimemimina kundi la nane na sijabandika kitu, mvua ya ghafla ikanyesha. Nilikimbia nje kuanua nguo. Niliporudi sikukumbuka kikombe kipi ni kipi. Ningeweza kusema nimesahau, tumimine upya. Lakini mzee wa kanisa hapendi kuonekana anasahau, ndugu yangu, nami nikabandika kile cha katikati kwa kukisia.

Akoth alipata makundi saba. Katika la nane akasogeza cha kushoto. Nikakiinua cha katikati, nikamwonyesha kibandiko, nikamwambia amekosea. Akaonja tena, akasisitiza ni cha kushoto. Nikamjibu kwamba kibandiko hakisemi uongo. Aliweka kijiko chini, akaniambia, “Babu, hii ulimi imenikataa. Wacha nimwambie Morris atoe jina yangu.” Akachukua mtungi akaenda bombani, na nikamwona akijifuta macho kwa kiwiko.

Nilibaki na vikombe vitatu. Niliomba, kisha nikachukua kijiko, nikavionja vyote. Cha kushoto kilikuwa tofauti, wazi kama sauti moja isiyo yetu katika kwaya. Ili niwe na hakika nikaonja tena, na mara hii, Shivachi, sikutema.

Aliporudi nilimwambia yote. Alicheka hadi akaukalia mtungi. “Yaani Babu umekunywa? Na ukameza? Wewe?” Kisha akanishika mkono, akasema tumimine upya.

Alhamisi alipata yote manane. Ijumaa, kwenye fainali, alipata manane tena, akawa wa pili kwa sekunde kumi na moja, na tulirudi nyumbani kabla Sabato haijaingia. Kampuni moja ya kuuza kahawa imemwita kazini, awe mwonjaji. Kwa hayo Mungu ashukuriwe, na Morris pia, aliyepiga makofi hadi miwani yake ikaanguka.

Nilikuwa nimeketi kando yake pale, nikitazama vikombe vikiinuliwa, na hapo ndipo nikaona deni langu. Unakumbuka baraza letu liliuliza ni nani aliyemwona Morris akiuza kahawa siku ya Sabato, nami nikasema nilimwona. Nilichoona, Shivachi, kilikuwa mgongo wa kijana mwenye birika, ng’ambo ya reli. Sikuuona uso. Nilibandika tu. Nawe ukatia sahihi chini ya yangu kwa kuwa uliniamini.

Jana nilikwenda Kawangware nikamwambia. Alisema Sabato ile alikuwa hospitalini akimlisha mama yake uji, na kwamba alijaribu kutueleza, tukamwambia asibishane na wazee. Nikamwambia pia nilivyokunywa. Hakuniuliza kama nimetubu. Aliniuliza ile ya kushoto ilikuwa na ladha gani. Nilimjibu kweli, bila kukisia: kama zambarau zilizoiva. Akainamisha kichwa akasema ndivyo, mzee, ndivyo hasa ilivyo.

Nimelijulisha baraza la kanisa. Nimeomba miezi sita ileile, nami Sabato ijayo nitaketi benchi la nyuma, karibu na mlango. Wewe huna hatia. Ila mwandikie Morris, kwa kuwa jina lako lipo kwenye karatasi ile, naye bado anakuita Mzee.

Bwana ailinde nyumba yako mlangoni na dirishani. Ampe mama Nanyama nguvu, goti lako wepesi, na wajukuu wako ndimi za kweli. Na kila kitakachowekwa mezani penu kiwe na baraka yake.

Ni mimi nduguyo,
Oketch