Alichoambiwa Mama yake Veikko

Kainuu, 14 Mei 1978

Marjukka mwanangu,

Baba yako amekubali. Atakusimulia vita vyote, tangu alipovaa buti hadi alipozivua, uviweke kwenye riwaya yako. Haya, sasa salamu: hujambo? Kifua kimepona? Sisi wazima, ila goti langu linalia kuliko mlango wa sauna.

Alikubali jana tukioga mvuke saunani, mgongo kanigeuzia. "Mwambie aje," basi. Miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kunitamkia neno la vita. Furaha ilinishinda. Leo kwenye kahawa baada ya kanisa nimewatangazia wote kwamba binti yangu wa Helsinki anaandika kitabu na shujaa wake ni mume wangu Urho. Mke wa mwenye duka akakoroga kahawa yake, mwanawe si anauza matairi tu. Hata jirani yetu Bi. Hilma, na uzee wake ule, aliweka kikombe chini akaniuliza, "Na Veikko wangu atakuwemo?" Nikamwambia tangu ukurasa wa kwanza. Si walikuwa handaki moja na baba yako mpaka Veikko alipouawa?

Uje upesi.

Mama yako


Helsinki, 20 Mei 1978

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona, wewe lipumzishe hilo goti. Habari yako imenifurahisha na kunitia hofu. Nimeongea na wanaume wengi waliopigana. Wananisimulia chawa, uji ulioganda, sigara walizomwibia ofisa. Nikiuliza mwenzao alikufaje, wanainuka kuongeza kuni jikoni. Sura ya kifo cha rafiki nimeiandika mara nne, na zote naona ni uongo. Namhitaji baba. Lakini mama, kwa nini umemwambia Bi. Hilma? Baba anapata usingizi usiku? Nijibu haraka.

Mwanao Marjukka


Kainuu, 11 Juni 1978

Mwanangu,

Nisamehe kuchelewa, sikujua nikuandikie nini. U mzima? Sisi tunapumua.

Baba yako alipopata habari aliacha kijiko kwenye supu. "Umemwambia Hilma?" Akapiga makasia hadi kibanda cha kuvulia ng'ambo ya ziwa, akakaa huko. Nikamfuata na mkate mweusi. Ndipo aliponiambia. Yeye ndiye aliyempelekea Hilma habari, kwamba Veikko alipigwa risasi moja akafa papo hapo, hakusikia maumivu. Kumbe aliishi mpaka alfajiri mikononi mwake, anamwita mama yake. "Kitabu kikitoka, Hilma atasoma," akasema. "Mwandikie Marjukka asije."

Nikamwachia mkate, nikapiga makasia kurudi nyumbani.

Nilikuwa nimeshika kalamu nikuandikie hivyo, Hilma akaingia na fimbo yake.

"Urho ananikimbia?"

"Anavua, Bi. Hilma."

"Anavua nini, samaki wote wa ziwa? Sikiliza, Aune. Jeneza lilipoletwa nyumbani nilikatazwa kulifungua. Nikalifungua. Mwanangu alikuwa kafungwa bandeji juu ya bandeji, na zilipokwisha akafungwa kwa shati. Nani humfunga hivyo mtu aliyekufa papo hapo?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema miaka yote hii.

"Ningemwambia nini? Alisimama mlangoni kwangu kijana mdogo, kaja na uongo wake akidhani ni zawadi. Nikaupokea. Ila sasa mimi ni mzee, nataka kujua mwanangu alisema nini."

Kugeuka, baba yako yuko kizingitini na kapu la samaki. Sijui alisikia kuanzia wapi. Akavua kofia.

"Nitakwambia, mama," akamwambia Hilma. Hajawahi kumwita hivyo. "Lakini Marjukka awepo asikie hapohapo. Mara ya pili sitaweza."

Hilma akasema kitabu atakiamua yeye akishasikia, kwa hiyo mashine yako ya kurekodi iache Helsinki, na kalamu pia. Akikataa, Marjukka, utakubali. Nimemwahidi kwa niaba yako.

Tangu hapo baba yako hali vizuri, anapasua kuni za miaka mitatu ijayo. Naogopa moyo wake. Naogopa Hilma asije akatutangulia kaburini. Safari hii kanisani sijamwambia mtu, ingawa ulimi uliniwasha. Kaka zako nimewaita, nao hawajawahi kusikia. Nitaoka, kahawa ipo. Tunawangoja nyote Jumapili, tarehe 25 Juni, saa nane mchana.

Mama yako